Kilele chenye msitu na kisicho na njia: tulipanda vizuri, tukashukia bonde lisilo letu

Mgeni wa Vilele

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wale waliozoea kupanda milima iliyofunikwa na msitu hadi juu kabisa, mahali ambapo hakuna njia iliyochongwa, hakuna kibao, wala alama ya rangi kwenye mti. Nimepanda milima mingi yenye njia na nilijiona nimekomaa, lakini wiki tatu zilizopita mimi na mwenzangu mmoja tulijaribu kilele cha aina hii kwa mara ya kwanza, na tulirudi tukiwa tumetambua kwamba kufuata njia na kutafuta njia ni kazi mbili tofauti.

Tuliondoka barabarani saa moja asubuhi. Kwa mujibu wa ramani, kutoka pale hadi kileleni ni kilomita 4 na mwinuko wa mita 700, na mgongo wa mlima tuliouchagua unapanda bila kukatwa na korongo lolote. Kupanda hakukutusumbua kimawazo, ingawa miguu iliteseka kwa sababu ya vichaka na magogo yaliyoanguka: kila tulipokuwa na shaka tulielekea upande unaopanda, na mlima wenyewe ukatuongoza. Tulifika juu saa sita na nusu mchana. Kilele ni kipana na cha mviringo, miti imeziba kila upande, na tulizungukazunguka karibu nusu saa tukitafuta mahali pa juu zaidi, bila kuwa na hakika hata mwisho kama tulipakanyaga.

Saa saba tulianza kushuka kuelekea upande ambao sote wawili tuliamini ndiko tulikotokea. Mgongo ulikuwa mpana na unatembeka vizuri, tukafurahi kwamba kushuka kulikuwa kwepesi kuliko kupanda, jambo ambalo sasa naona lilipaswa kutushtua. Ilipofika saa kumi tulisikia maji mengi yakianguka chini yetu, ilhali asubuhi hatukuwa tumesikia maji popote. Tulikuwa tumeshuka mgongo mwingine. Kurudi juu tuliona hatuna nguvu nako, kwa hiyo tulifuata maji, tukakwama mara mbili juu ya miamba, na tulitoka barabarani saa mbili usiku tukitumia tochi moja, kisha tukatembea zaidi ya saa nzima hadi tulipoacha gari.

Ninataka kurudi kwenye kilele hichohicho, lakini si kwa kubahatisha. Je, mtu hushikaje uelekeo katika msitu ambamo haoni zaidi ya mita 20 mbele? Anajuaje kwamba amefika kileleni kweli? Nilikuwa na simu yenye ramani, lakini mstari wa safari yetu ulikuwa ukirukaruka kama mbuzi, nikaacha kuuamini. Je, nilikosea kuuacha? Na je, kufunga tepe kwenye miti wakati wa kupanda ni jambo linalokubalika? Nadhani kosa letu lilifanyika pale kileleni, tulipochagua upande wa kushukia kwa macho tu, lakini ningependa kusikia maoni yenu.

Dira na Karatasi

Ndugu Mgeni wa Vilele, pole kwa safari na hongera kwa kurudi mkiwa wazima. Wahenga waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma hawakuwa na ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kilekile, lakini jambo lenyewe walikuwa wameliona. Migongo ya mlima inapopanda hukutana, kwa hiyo ukikosea kidogo wakati wa kupanda kosa lako husahihishwa na umbo la mlima. Ukigeuka kushuka, migongo ileile huachana kama vidole vya kiganja, na kosa dogo la juu hukua kwa kila hatua. Migongo miwili inayoachana kwa nyuzi 30 itakuwa na umbali wa kilomita 1 hivi kati yake baada ya kushuka kilomita 2, na katikati yake kutakuwa na bonde ambalo huenda halivukiki.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba mlikosea kileleni. Umesema mgongo mlioshukia ulikuwa mpana na mwepesi tangu mwanzo. Ninachoshuku ni kwamba mliondoka kileleni vizuri, mkashuka kwa muda juu ya nyayo zenu wenyewe, kisha mkapita bila kujua mahali ambapo mgongo wenu wa asubuhi unachepuka pembeni, ukiwa mwembamba na wenye mteremko mkali mwanzoni, wakati ule mpana unaendelea mbele. Mahali kama hapo hapatambuliki wakati wa kupanda, kwa sababu unaingia kwenye mgongo mkubwa kama kijito kinavyoingia mtoni, na hakuna kinachokulazimisha kugeuza kichwa. Fungua ramani yako leo, fuata mistari ya kontua kutoka kileleni kwenda chini, na utazame kama kuna mahali inapogawanyika, kabla hujajilaumu kwa uamuzi wa kileleni.

Kuhusu kushika uelekeo, jambo la kwanza ni kukubali kwamba mwili wa binadamu haujui kunyoosha. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu waliombwa kutembea kwa kunyoosha kwa saa kadhaa, wengine katika msitu wa Bienwald nchini Ujerumani na wengine katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Jua lilipoonekana walinyoosha kwa kiasi kizuri, lakini lilipofichwa na mawingu msituni walikwenda kwa kuzunguka na kuvuka nyayo zao wenyewe huku wakiamini kwamba wananyoosha. Kwa hiyo usemi wa "nina hisia nzuri ya pande" uache barabarani pamoja na gari.

Namna ninayoitumia ni hii. Ninapima kwenye ramani uelekeo wa kipande kifupi tu, kwa mfano mita 300 au 400, si wa safari nzima. Kisha ninaisoma dira, ninachagua mti wa mbali zaidi ninaoweza kuuona katika uelekeo huo, hata kama uko mita 15 tu, na ninatembea hadi pale bila kuitazama dira tena. Nikifika, nachagua mti mwingine. Mti wenye umbo la pekee, kama uliopinda au uliovunjika kichwa, ni bora kuliko mti mnene, maana miti minene hufanana ukiipoteza kwa sekunde moja. Kwa kuwa mko wawili mna njia bora zaidi: mmoja anatangulia hadi mwisho wa macho, wa nyuma anamwelekeza kwa dira kusogea kushoto au kulia, kisha anamfuata. Ni kazi ya polepole na inachosha, nami huitumia tu pale ambapo umbo la ardhi halisemi kitu, kama vile kwenye kilele kipana au kwenye tambarare ya msitu. Ukikutana na kizuizi, gogo kubwa au kichaka cha miiba, ukipite kushoto, na kinachofuata ukipite kulia, kwa sababu wengi wetu tuna upande tunaoupendelea, na kupita upande mmoja mara kumi kunatosha kukuhamisha hadi mgongo wa jirani. Kosa la nyuzi 5 tu hukutoa nje ya mstari kwa mita 87 katika kila kilomita.

Lakini ushauri ninaouthamini kuliko huo wa miti ni kuusoma mteremko wenyewe. Simama, elekeza dira upande ambao maji yangetiririka kutoka miguuni pako, na usome nyuzi zake. Kwenye ramani, mteremko daima huikata mistari ya kontua kwa pembe mraba, kwa hiyo unaweza kuona mara moja kama mahali unapodhani upo pana mteremko unaoelekea huko. Ikiwa dira inasema ardhi inaanguka kuelekea kusini-mashariki na mahali unapodhani upo panaangukia kaskazini, haupo hapo, na hakuna hoja ya kujitetea. Ukifanya hivyo kila baada ya mita 50 za kushuka, huwezi kufuata mgongo usio wako kwa saa tatu.

Mengine ni mafupi. Rekebisha mchepuko kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, maana kuna sehemu za dunia ambako ni nyuzi 1 au 2 tu na nyingine ambako hupita nyuzi 15, na upande wa kuongeza au kupunguza huandikwa pembeni mwa ramani. Hakikisha pia dira yako imetengenezwa kwa upande wa dunia ulipo, kwa sababu sindano iliyosawazishwa kwa kizio cha kaskazini huinama ikipelekwa mbali kusini mwa ikweta, na inaweza kusugua na kukwama. Usiiweke dira karibu na simu, hasa yenye kifuniko cha sumaku. Niliwahi kutembea asubuhi nzima nikiilaumu ramani, kumbe tatizo lilikuwa mfuko wa kifuani.

Mwishoni mwa kushuka, usilenge gari lako moja kwa moja. Lenga kwa makusudi upande mmoja wake, tuseme mita 300 kushoto, ili ukifika barabarani ujue bila kujiuliza kwamba unapaswa kugeuka kulia. Aliyelenga gari lenyewe na kulikosa hajui aligeukie wapi.

Betri Kamili

Nakubaliana na mengi aliyoandika Dira na Karatasi, lakini sitaki Mgeni wa Vilele aondoke hapa akidhani simu haina kazi msituni. Kilichotokea kwake kinaeleweka. Kifaa cha GPS kinahitaji mawimbi ya satelaiti zisizopungua 4 ili kukadiria mahali ulipo pamoja na kimo chake, na katika msitu mnene wenye majani yaliyolowa maji sehemu ya mawimbi hayo hudhoofika, na mengine hufika yakiwa yamegonga kwanza mwamba au mashina ya miti, hivyo hesabu ya umbali hupotoka. Matokeo yake ni mstari unaorukaruka, na hurukaruka zaidi unaposimama, kwa sababu simu huendelea kuandika makosa madogo kana kwamba ni hatua zako. Pamoja na hayo, mstari unaoyumba kwa mita 20 au 30 bado unatosha kabisa kukuambia kwamba upo kwenye mgongo wa jirani. Kwa hiyo ndiyo, ndugu, nadhani ulikosea kuuacha: ulipaswa kuutazama kwa ujumla wake, si kila jino la msumeno.

Njia uliyoirekodi wakati wa kupanda ndiyo ramani bora ya kushukia, kwa kuwa umeshathibitisha kwa miguu yako kwamba inapitika. Kabla ya kuondoka, pakua ramani ya eneo zima kwenye simu, kwa kuwa mtandao hautakuwepo, kisha iweke simu katika hali ya ndegeni; katika simu nyingi upokeaji wa satelaiti huendelea kufanya kazi katika hali hiyo, nawe unaokoa chaji ambayo ingeishia kwenye kutafuta minara. Lijaribu hilo ukiwa nyumbani. Iweke simu karibu na mwili kama kuna baridi. Hifadhi alama kwa mkono katika kila mahali pa maana: ulipoanza, ulipobadilisha mgongo, ulipovuka gogo kubwa lisilo na mpito mwingine, na kileleni. Na usiuamini mshale wa kwenye skrini unapokuwa umesimama. Tembea hatua ishirini ndipo uone kitone kinaelekea wapi.

Jambo moja ambalo halijatajwa ni kimo. Kama simu au saa yako ina kipimo cha kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kifaa cha thamani sana kwenye mlima wenye msitu, kwa sababu miti haizuii kanieneo. Karibu na usawa wa bahari, tofauti ya kanieneo ya hektopaskali 1 ni sawa na mita 8 hivi za kimo, na kadiri unavyopanda mita hizo huongezeka kidogo. Ubaya wake ni kwamba hali ya hewa ikibadilika kipimo nacho hubadilika. Kanieneo ikishuka kwa hektopaskali 5, saa itadai umepanda mita 40 nawe umekaa tu unapumzika. Dawa yake ni kukirekebisha kila unapofika mahali ambapo kimo chake kimeandikwa kwenye ramani, na kileleni ndipo pa kwanza.

Mgeni wa Vilele

Nawashukuru nyote wawili. Nimeifungua ramani kama nilivyoagizwa, na ni lazima nikiri kwamba Dira na Karatasi ameuona mlima wangu vizuri kuliko nilivyouona mimi niliyesimama juu yake. Mistari ya kontua imechorwa kwa kila mita 20, na mstari wa nne chini ya kilele, yaani mita 80 hivi, unatoa ncha mbili. Mgongo mpana unaendelea kuelekea mashariki, kwa nyuzi 80, na wetu unakatika kushoto kwa nyuzi 50, ukianza na mistari iliyobanana sana. Mstari uliorukaruka wa simu, nilioutupilia mbali, unaonyesha kwamba tulishuka juu ya njia yetu ya asubuhi hadi hapo hasa. Swali langu la kilele halisi bado halijajibiwa, na ningependa pia kusikia kuhusu muda, kwa sababu kupanda kilomita 4 kwa saa tano na nusu kulinifanya nijione dhaifu.

Mama wa Msituni

Hukuwa dhaifu, mwanangu. Ulikuwa kwenye msitu usio na njia. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo humpa mtu saa 1 kwa kila kilomita 5 na kumwongezea saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yako kanuni hiyo ingetoa saa 2 hivi, nanyi mlitumia karibu mara tatu yake. Naismith alikuwa akizungumzia milima iliyo wazi na mtu mwenye siha. Katika kichaka kinene mimi hupanga kilomita 1 kwa saa, na nikienda haraka zaidi nashukuru. Mzidisho huo wa mara tatu mlionao sasa ni mali yenu, maana ni wa msitu huo na wa miguu yenu. Tumieni huo kupanga safari ijayo.

Kutokana na hesabu hiyo weka saa ya kugeuka, na uiweke ukiwa nyumbani, si ukiwa umebakiza mita 100 za kupanda. Msituni giza huingia kabla ya machweo kwa sababu ya majani, na karibu na ikweta jioni yenyewe ni fupi mno, kwa hiyo mtu aliye chini ya miti hupoteza mwanga wa kusomea ramani akiwa bado anadhani ana nusu saa. Mimi hugeuka kwa namna itakayoniachia saa mbili za mwanga baada ya muda ninaotarajia kufika barabarani, hata kama kilele kinaonekana kati ya matawi. Na kila mtu awe na tochi yake, ya kichwani. Tochi moja kwa watu wawili humwacha mmoja wao akikanyaga kivuli cha mwenzake.

Sasa kilele. Kwenye mlima wenye msitu, kilele ni mahali unapopathibitisha, usitegemee kupaona. Kwanza, jihadhari na vilele vya uongo: ukitoka kwenye mteremko mkali na kuona mwanga mbele kupitia miti, huenda umefika tu kwenye bega la mlima. Linganisha kimo chako na kile kilichoandikwa kwenye ramani. Ukifika sehemu tambarare, usizurure bila mpango kama mlivyofanya, kwa kuwa kuzurura ndiko kunakofuta kumbukumbu ya upande mliotokea. Weka mkoba wenye rangi kali mahali ulipotokea, mwenzako asimame hapo, nawe utembee mizunguko ukirudi kwake kila mara, ukiuliza swali moja tu: je, kuna upande wowote ambao ardhi bado inapanda? Mahali ambapo pande zote zinashuka, na hapana pengine pa juu zaidi ndani ya duara la mwisho la kontua, ndipo penyewe. Katika milima ya Catskill nchini Marekani, klabu ya wapandaji wa vilele vinavyozidi futi 3,500, yaani mita 1,067 hivi, ilifunga kwa miaka mingi makopo yenye daftari kwenye miti ya vilele visivyo na njia, kwa sababu bila kopo mtu aliweza kushuka akiwa hajui kama alifika. Kilele chako hakina kopo, kwa hiyo duara hilo ndilo daftari lako.

Nina neno moja kali kidogo kuhusu kufuata maji. Wengi hufundishwa kwamba aliyepotea afuate kijito kwa kuwa maji hufika kwa watu. Maji hufika, lakini kwa kuruka mahali ambapo mtu hawezi kuruka. Mabonde ya milimani hujibana na kuwa makorongo, mawe yake yana utelezi, na kelele za maporomoko huzuia sauti ya anayekuita. Mliposikia maji saa kumi mlikuwa na saa kadhaa za kukaa chini, kula kitu, na kuupima mteremko kwa dira. Huenda mngegundua kwamba kulikata bega la mlima kuelekea kushoto kungewarudisha kwenye mgongo wenu, au mngeona kwamba mgongo mliokuwapo nao unafika barabarani bila kuingia korongoni. Ukiona hujui ulipo na giza linakaribia, kaa. Filimbi hupigwa mara 6 kwa dakika, kisha dakika 1 ya kimya, na anayejibu hupiga mara 3 kwa dakika. Hilo lina maana tu ikiwa kuna mtu aliyeachiwa ramani yenye mgongo wa kupandia, mgongo wa kushukia na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu ataomba msaada.

Na vaeni miwani. Nimeshuhudia vifundo vya miguu vilivyoteguka mara chache kuliko macho yaliyochapwa na tawi lililoachiwa na mtu wa mbele. Miwani ya kazi, isiyo ya giza, inatosha. Yule wa nyuma abaki hatua tano au sita, mahali ambapo anamwona wa mbele lakini hafikiwi na tawi.

Nyayo Chache

Naomba nijibu la tepe, kwa sababu naona wote wamelikwepa kwa adabu.

Tepe inakubalika kwa sharti moja, kwamba ishuke nawe. Usichanje magome, usivunje matawi ili kuweka alama, na usipange mawe. Sababu yake si usafi peke yake. Alama iliyoachwa ni ushauri unaompa mtu usiyemjua, ambaye hajui kama uliifunga ukiwa kwenye njia sahihi au ukiwa tayari umepotea, na nimewahi kufuata tepe nyekundu kwa zaidi ya saa moja hadi zilipoishia ukingoni mwa jabali, bila shaka mahali ambapo mwenye tepe naye alitambua kosa lake. Zaidi ya hayo, alama huvuta miguu, na miguu huzaa njia. Milima ya Adirondack katika jimbo la New York ina vilele 46 mashuhuri, ambavyo ndugu wawili, Robert na George Marshall, pamoja na kiongozi wao Herbert Clark, walimaliza kuvipanda mwaka 1925. Vingi kati yake havikuwa na njia yoyote. Leo, hata vile ambavyo havikuwahi kuchongewa njia rasmi vina njia zilizokanyagwa na wapandaji wenyewe, nyingine zikiwa mitaro ya matope kwa sababu hakuna aliyezipanga kukwepa maji.

Ndiyo maana ushauri wa msitu usio na njia ni kinyume cha ule wa penye njia. Penye njia tunaambiwa tufuatane katikati yake. Pasipo na njia, kikundi hutawanyika kidogo, kila mmoja na mstari wake, ili pasitokee alama itakayomwalika wa kesho. Kwa watu wawili ni rahisi, mradi msipotezane kwa macho. Kwa kikundi cha watu kumi sioni namna nzuri, na mimi singekipeleka.

Kabla ya yote hayo ulizeni msitu ni wa nani na kama kuingia kunahitaji kibali. Mahali pengine kutoka nje ya njia ni kosa kisheria, kwa sababu ya mimea adimu au wanyama wanaozaa, na katika hali hiyo hakuna cha kujadili.

Mgeni wa Vilele

Mama wa Msituni, shikamoo na asante, miwani nitaitafuta. Ndugu Nyayo Chache, nimekuelewa, na nimeamua kutumia tepe mbili tu, moja pale mgongo unapogawanyika na nyingine kileleni mahali tutakapotokea, zote zishuke mfukoni. Nitahifadhi pia alama ya simu mahali hapo, na nimeandika kimo chake pembeni mwa ramani. Kilichobaki kinachonitia shaka ni kwamba tutakapopanda tutapita mahali hapo bila kupatambua, kama mara ya kwanza, kwa hiyo tepe hiyo nitaifunga wapi?

Dira na Karatasi

Utapatambua kwa miguu kabla ya macho. Mistari ya kontua iliyobanana maana yake ni kwamba mita za mwisho za mgongo wenu ni kali; mtapanda mkishika mizizi, kisha ghafla ardhi italegea na mtatembea wima. Hapo ndipo pa kusimama. Soma kipimo cha kimo, kilinganishe na ulichokiandika, kisha mgeuke wote wawili kutazama mlikotokea, kwa sababu huo ndio uso wa msitu mtakaouona wakati wa kurudi na haufanani hata kidogo na ule wa kupandia. Piga picha mbili, moja kuelekea nyuzi 50 na nyingine kuelekea nyuzi 80, na mtaona wenyewe jinsi ile ya 80 inavyovutia. Tepe msiifunge kwenye mti ulio ukingoni mwa mteremko. Ifungeni hatua kadhaa juu zaidi, katikati ya mgongo mpana, mahali ambapo mtu anayeshuka kwa furaha ataikuta mbele ya uso wake kabla hajapita.